Neema Kanirekodi Nikijifunza Kiingereza

Jumapili, Area D

Bado siamini. Neema, mwanangu mwalimu wa Kiingereza, niliyemtangaza kanisa zima, ndiye aliyenirekodi.

Wiki nzima, tukichambua mchele, alinifundisha "can" ya uwezo, "may" ya kuomba ruhusa na "must" ya lazima. Nami nikawa natamka kwa madaha, kumbe simu yake inanasa.

Leo wifi yangu kanipokea mlangoni kwa kuniiga: "Mama Neema, you must to sit!" Sebule nzima kicheko. Sauti yangu imesambaa kwenye grupu la ukoo.

"Mama, ni utani tu," ananiambia Neema.

Utani! Darasa la kwanza alijikojolea jukwaani akiimba. Nikawaambia watu chupa yake ya maji imevuja. Mpaka leo hakuna anayejua.