Ekari Tatu za Mtoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimenyoa ndevu, nimekunywa uji, nimeteremka mtoni. Twalib ameleta samadi kutoka soko la ng'ombe la Lubao. Akina mama wameitawanya kabla jua halijawa kali. Mpango wetu ni mwepesi: ardhi yangu, mikono ya akina mama wa kanisa, lori la Twalib, na maarifa ya Bwana Shamba wa kiwanda cha sukari, ambaye huja Jumamosi kutuonyesha namna ya kupiga matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mboga na maharagwe tunawauzia wafanyakazi wa kiwanda; mapato yanarudi kwenye mbegu na kwenye sufuria zetu. Majirani wamepanda miwa hadi mlangoni. Wana mabati mapya na redio, na wananunua mahindi ya soko la Matete. Upuuzi.

Jumanne, 4 Machi
Ndugu yangu Makokha amekuja. Yeye ni mwenyekiti wa bloku, yaani mashamba ya miwa yanayopakana bila pengo, ili trekta lilime mfululizo. Pengo ni mimi. Shamba lake liko chini ya langu, na trekta haliwezi kulifikia ila kwa kupita kwangu. Mpimaji anakuja Ijumaa kupiga vigingi. Makokha anataka ekari zangu tatu ziingie.
"Mwalimu, hakuna mtu amewahi kujenga nyumba kwa mboga ya mrenda."
Nikamjibu kwamba hakuna aliyewahi kula bati. Ameondoka bila kumaliza chai. Sitoi.

Jumatano, 5 Machi
Watu wa bloku wameanza kutushika mmoja mmoja. Twalib amepita asubuhi. Salamu ndefu, mpaka hali ya mbuzi. Kisha akasema lori lake hubeba miwa ya kiwanda, na ameonywa. "Mwalimu, mimi nina wake wawili na lori moja." Bwana Shamba ametuma ujumbe: Jumamosi hatakuja. Hakueleza sababu. Rasoa, mjane anayewaongoza akina mama, ameambiwa kwamba waume wa wenzake watawekwa mwisho kwenye zamu ya kukatiwa miwa.

Hofu si dhambi, najua. Nimekasirika vilevile.

Alhamisi, 6 Machi
Makokha ameniletea wazee wanishawishi. Haya. Nami nikamwalika Rasoa, na Twalib, aliye Mwislamu, achinje kuku ili naye ale. Twalib amekuja, ingawa kwa mlango wa nyuma. Mke wangu amempika kuku huyo, ingokho, na ugali wetu, obusuma.

Makokha alisema bustani ya wanawake haiwezi kuzuia maendeleo ya wanaume. "Tangu lini wanawake wanaulizwanga mambo ya shamba?"

Firigisi ililetwa mbele yangu. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, wala haijadiliwi. Nyanya zetu hawakuonja kuku maisha yao yote. Nimeichukua, nikaiweka kwenye sahani ya Rasoa.

Nikasema: ardhi ni yangu, lakini neno juu ya kinachoota humo ni la waliokilima. Mwulizeni huyu.

Rasoa aliila kwanza. Hakuharakisha, firigisi ni ngumu. Kisha akapangusa vidole. "Sisi Ijumaa tunapalilianga, wazee wangu. Mwenye vigingi atatukuta."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Makokha hakugusa chakula tena.

Mke wangu amenikaripia: nimemdhalilisha ndugu yangu mbele ya wazee. Ni kweli. Sijutii.

Ijumaa, 7 Machi
Nilitarajia kumkuta Rasoa peke yake. Nimekuta matuta yote yana watu. Katikati yao, Nafula, mke wa Makokha, sketi imekunjwa, jembe mkononi. Sikuwa na habari. Rasoa ananiambia Nafula amekuwa akichukua kunde kwetu tangu miwa ifike mlangoni mwa jiko lake.

Mpimaji, kijana mwenye adabu, aliuliza apige kigingi wapi. Makokha akamwamuru mkewe atoke. Nafula hakuinua kichwa.
"Nitatoka nikimaliza mstari huu, Baba Wekesa. Kwani jioni utakula nini? Majani ya miwa?"
Walicheka wote. Hata mpimaji aligeuka akatazama mto.

Makokha angeweza kumtoa mkewe kwa mkono. Lakini wazee walikuwa wamesimama njiani, wanaangalia. Hatimaye akanyoosha kidole kwenye njia iliyo juu ya shamba langu, na vigingi vikapigwa huko. Tumebaki nje ya bloku. Shamba lake nalo limebaki nje. Alijua hivyo alipokuwa akinyoosha kidole.

Jumamosi, 8 Machi
Bwana Shamba hakuja. Lori halikuja. Akina mama wamebeba samadi ya ng'ombe wao kwa vikapu, kichwani. Matuta tunajua kuyapiga sasa. Mvua imeanza alasiri, kubwa.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani Makokha ameketi benchi la mbali. Hakunisalimu. Sikumlazimisha.

Baada ya chakula nimekwenda mtoni. Matuta yamezuia maji, udongo haukuondoka. Chini, kwa Makokha, mvua imechimba mfereji, na udongo wake mwekundu unaelekea mtoni. Alikuwa amesimama kando ya mfereji huo, mikono nyuma, akitazama upande wetu. Tulikaa hivyo, kila mtu kwake, mpaka akaenda zake.

Akija kuuliza namna ya kupiga matuta, atamwuliza Rasoa.