Sanamu Iliyoupa Mji Mgongo

Mpuguso,
Tukuyu.
19 Juni 1994

Mama yangu mpendwa,

Ugonile, juba, umeamka salama? Natumaini barua hii itakukuta umeota jua la asubuhi, goti limetulia na vyungu vinatoka motoni bila ufa. Huku sisi ni wazima. Amoni anakusalimu sana, watoto nao, na mama mkwe Tulinagwe anasema nisisahau kukuandikia kwamba wale dagaa wa usipa uliowatuma walifika salama na hawakulala humu ndani, tuliwamaliza siku hiyohiyo. Ukungu tu ndio umetuzidi mwezi huu. Kuna siku hadi saa nne siuoni mgomba wa jirani, nasikia tu majani yake yakidondosha maji, nami natembea uani kama mtu ambaye hajaamka vizuri.

Doreen, wewe unayemsomea bibi, soma polepole. Najua tabia yako ya kuruka mistari.

Mama, ulisikia kwamba nimepewa kazi ya kutengeneza sanamu ya mjini, lakini hukuambiwa ni sanamu ya nani. Ni ya baba mkwe. Usishtuke, nisikilize kwanza.

Watu wa kamati ya mji waliona zile sanamu za horini nilizolitengenezea kanisa Krismasi iliyopita, wakaniita. Bwana Ezron, mwenye duka la mitumba, ambaye siku hizi za ruksa ya biashara ndiye mwenyekiti wa kila kamati, alinieleza kwamba wageni wanaokuja kuangalia mashamba ya chai lazima wakute alama ya mtu wetu mwenyewe, aliyepandisha maji mlimani kwa gurudumu la mbao bila tone la dizeli. Sanamu ingekaa mbele ya soko. Kisha akatoa koti jeusi dukani kwake nikalitazame vizuri, maana kwa maoni yake mgunduzi huvaa suti na tai, na mkono mmoja huunyoosha juu. Baba mkwe na tai, mama! Mwisho akanikabidhi bahasha yenye picha ya marehemu. Nilimpelekea Amoni bila kuifungua.

Unajua kwa nini. Ni wewe uliyenifunda, siku ile tunapanda kutoka Ikombe kuja huku, namna ya kumtila baba wa mume: nisimtazame usoni, nisikutane naye njiani, nisitaje jina lake hata akiwa hayupo. Nimeshika, mama. Miaka yote ile alikuwa akifika kona ya migomba anakohoa, nami najitosa shambani hadi apite. Najua wazee wengine humtolea mkwe ng'ombe, wakamfungua mwiko huo, wakaanza kusalimiana kama watu. Wetu alifariki mwaka juzi hajatoa ng'ombe. Kwa hiyo nilipewa kazi ya kufinyanga mtu ambaye sijawahi kumwona sura.

Nilikaa siku nyingi na saruji haijaguswa. Nilijiuliza, kwani mimi namjua kwa lipi? Nikaona namjua kwa mengi. Naujua mgongo wake, kwa sababu akishapita nilikuwa nachungulia: mgongo mpana, bega la kushoto limeshuka kwa kubeba mbao. Nazijua nyayo zake kwenye tope, kidole kidogo kimekwenda pembeni peke yake. Nakijua kikohozi chake cha kweli na kile cha kunionya. Nilikuwa nikifumba macho naona anashuka kwenye ukungu kuelekea kijitoni, na ukungu wenyewe unageuka maji, maji yanapanda badala ya kuteremka, na yeye hageuki. Usingizini naye alikuja hivyohivyo, mgongo tu.

Na kuna vyungu. Hapa ndipo nitakapokuambia jambo ambalo hulijui. Unakumbuka mwaka ule niliokuwa nakuomba udongo wa Ikombe kila lori lilipopanda, hata ukauliza kama nina mimba na nautafuna? Udongo ule ulikuwa wa gurudumu. Baba mkwe alifunga vyungu kuzunguka gurudumu ili vichote maji kijitoni vikayamwage juu, lakini vilikuwa vinamwaga yote njiani. Asubuhi moja nikakuta chungu kimeachwa kwenye kisiki nyuma ya jiko langu, na shingoni kimechorwa mstari wa mkaa mahali maji yanapokimbilia. Hakuna aliyesema neno. Nikafinyanga kingine, shingo nikaiinamisha kidogo, nikakiweka kisikini. Baada ya siku kadhaa kikarudi na mstari mwingine, chini zaidi. Tukaendelea hivyo masika nzima, yeye na mkaa wake, mimi na udongo wako, hadi siku chungu hakikurudi. Niliposikia wanawake wanapiga vigelegele kule juu nikajua maji yamefika.

Watu wa mjini walipokuja kumuuliza kama alifanya yote peke yake, alinyamaza. Wakaandika kwamba alikuwa peke yake. Mimi sikumlaumu hata kidogo. Angewezaje kumtaja mke wa mwanawe mbele ya wageni?

Basi nikaamua kwamba sanamu itakuwa vile ninavyomjua. Nilimkalisha ameinama juu ya mfereji unaopita mbele ya soko, mgongo barabarani, bega moja chini, na mikononi ameshika chungu cha shingo iliyoinama. Uso wake unatazama maji, na ng'ambo ya mfereji ni mlima Rungwe. Nilitengeneza kwanza ndogo ya udongo nikaipeleka kwenye kamati.

Bwana Ezron alisimama. Alisema haijapata kutokea mji ukamkaribisha mgeni kwa mgongo, tena mgongo usio na koti. Wengine wakacheka, nami nikacheka nao. Alitoa neno la mwisho: nimgeuze atazame soko, uso uonekane, la sivyo kazi atapewa fundi wa Mbeya. Mama, niliona giza. Nikimgeuza, itabidi niifungue ile bahasha na kumkazia macho baba mkwe mchana kutwa. Nikikataa, atakuja mtu ambaye hajawahi hata kusikia anavyokohoa, amvishe tai.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alikuja kikao kilichofuata bila kualikwa, akaketi, akaomba kuuliza jambo dogo. Aliuliza kama kamati imewahesabu wanawake walioolewa na wana wa mzee na wana wa ndugu zake, ambao siku za soko wote huuza ndizi pale. Mkiuweka uso wa mzee kwenye lango la soko, akasema, wakwe zake watapita wapi? Mnataka waingie na mikungu yao kichwani kwa kupitia mferejini? Kumbe hakuna aliyelifikiria, na wote ni wenyeji! Halafu Bwana Ezron mwenyewe akakumbuka kwamba mkewe ni mkwe wa ukoo uleule. Alikaa chini taratibu, akasema mgongo nao una heshima yake. Ndaga fijo, asanteni sana, akajibu mama mkwe, akaaga akaenda kununua chumvi.

Jina kwenye jiwe alilichonga Amoni. Mimi nilishika ndoo.

Sasa, Doreen, kama kuna mtu mwingine hapo mwambie akachote maji, kisha mwendelee wewe na bibi.

Mama, sanamu ile ina uso. Wengi wanadhani nimeacha saruji tupu kwa kuwa hauonekani barabarani. Alasiri moja ya mvua mama mkwe alikuja kwenye banda langu, akanawa mikono, akaniambia nigeuke. Niligeuka, nikawa nampa saruji mbichi kwa kuipitisha juu ya bega. Aliukanda uso wa mumewe kwa vidole vyake, hajawahi kufinyanga hata sufuria ya watoto ya kuchezea, mara anacheka, mara naisikia pua yake. Huku akifanya kazi aliniambia kwamba mzee alikuwa akimuuliza jioni, wakiota moto, mke wa Amoni ana uso gani, yule anayeelewa mistari. Naye alimjibu kwamba toa ng'ombe ujionee. Na mzee alitaka kweli kumtoa, mama. Kila ndama aliyempata alisema huyu ndiye wa mke wa Amoni, kisha gurudumu likadai mbao na misumari, ndama akauzwa. Gurudumu letu ndilo lililomla ng'ombe wangu. Nililia nimempa mama mkwe mgongo, sikuweza hata kufuta machozi kwa ile saruji mikononi.

Jumamosi walifunua sanamu. Hotuba zilikuwa ndefu, ukungu ukashuka, watu wakaondoka mmojammoja. Amoni alikwenda kutafuta gari. Nilipobaki peke yangu nilivuka mfereji nikasimama upande wa mlima, mbele yake, karibu kama ninavyosimama mbele yako nikikupokea mzigo. Sikuja kumtazama, mama. Naapa. Nilifumba macho, nikavua kilemba, nikauinua uso wangu, nikamwacha anitazame mpaka aliporidhika.

Kama nimeikosea heshima uliyonifunda, nikemee, nitapokea. Lakini sikumwona.

Wasalimie wote hapo Ikombe, na jirani anayekusagia dawa ya goti. Amoni ataleta mkungu wa ndizi na chai ya majani mwisho wa mwezi. Mungu akutunze mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Atupele