Mahindi ya Masizi

Miritini, Mombasa
Mwisho wa Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti limepunguza kukusumbua sasa baridi ya mvua imeondoka. Mimi sijambo. Mueni, anayenisaidia kupika hapa kibandani, anakusalimu sana. Nawe Gershom, mwalimu wetu wa kanisa unayemsomea Mama, pokea salamu zako. Soma polepole, na ukifika huko chini usiruke hata neno moja.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ungeisikia peke yako, na kesho ungeambiwa umetunga. Hii nataka isomwe mbele ya watu, na kaka yangu Kalama awepo. Akikataa kuja, basi isomwe mlangoni pake.

Nianzie mbali, maana wapo watakaosikiliza ambao wamesahau, au wanajifanya. Baba hajakauka kaburini, Kalama alituletea trekta na mbegu za dukani. Alikuwa wakala wa mwenye duka, ingawa hilo hakulisema. Aliwaambia watu wang'oe mihogo, waache kunde na mbaazi, wapande mahindi yake peke yake kwa mistari iliyonyooka. Siku ile alipanda kwenye uchaga wako, Mama, juu ya mafiga, akaangusha mahindi yote ya mbegu uliyoachiwa na mama yako, yaliyofukizwa moshi mpaka yakawa meusi. Akayapeleka kusagwa ili wageni wake wapikiwe sima. Wewe ulimshika mguu pale ngazini. Aliwaambia wageni kwamba mama yake ni mkulima wa masizi, nao wakacheka, wakanawa, wakala. Sisi hatuli mbegu, hata njaa ibishe hodi vipi. Yeye alikula yetu akiwa ameshiba.

Yaliyofuata mnayajua. Mvua ilikatika njiani, na mahindi yake yalikuwa yakitaka mvua isiyokosa siku na mbolea isiyokosa mwenye pesa. Yalikauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa nywele. Kijiji kizima hakikuwa na muhogo wa kuchimba, kunde za kuchuma, wala mbegu ya kurudia. Watu wakasema ni ukame. Ukame tuliuona hata enzi za Baba, na hatukulala njaa hivyo. Ndipo uliponipigia simu ukiniomba unga, wewe uliyekuwa ukiwagawia majirani. Nililia, Mama, kisha nikaapa kwamba Kalama atalipa.

Kwa bahati, Kalama alisahau kitu kimoja. Nilipokuja huku kuolewa ulinifungia mahindi ya mbegu kwenye leso, kama kila binti wa kwetu anavyofungiwa. Ndoa ilikufa, mbegu haikufa. Niliipanda kando ya ua wa reli, nyuma ya kibanda, nikichanganya na kunde, nikiimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Ya kupanda tena niliitundika juu kabisa darini, juu ya moto wa kuni. Madereva wa malori walikuwa wakinitania nishushe moja niwachomee. Nilikuwa nawaambia haya hayaliwi, haya yanasubiri.

Hayo ndiyo niliyokuletea, ukawagawia wanawake wenzako bure. Masha, utingo wa lori la mawe, alipita hapa wiki jana akanisimulia kwamba mashamba yenu yote ni kijani, mahindi yanamfika mtu kifuani, kunde zimetambaa katikati, na mihogo inasimama pembeni ikingoja mwaka mbaya. Nilifurahi hadi nikampa chapati ya ziada.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Gershom, hapa ndipo.

Kalama hakutaka kuomba mbegu kwako, maana angelazimika kuomba radhi kwanza. Alinijulisha kwa simu kwamba angekuja kwangu. Siku zile zote kabla hajafika, nilichukua fungu la mahindi nikalitundika chini chini, juu kidogo tu ya jiko la makaa la chapati, moto usio na moshi. Lilipigwa joto mchana kutwa mpaka kiini kikaiva ndani kwa ndani. Kisha nikalifuta kwa mafuta ya kupikia, likang'aa kama la maonyesho.

Alipofika nilimwamkia, nikampa wali na samaki wa kupaka, akala akashiba. Halafu nikamwekea mafungu mawili mezani, la masizi na lile linalong'aa, nikamwambia kaka, chagua mwenyewe. Aliuliza kwa nini yanatofautiana. Nikamjibu kwamba yote ni mahindi ya Mama, na sikusema uongo. Hakutaka kuchafua shati lake. Alichukua linalong'aa kwa ncha za vidole, akaniambia walau mimi nimestaarabika. Nikamsindikiza hadi barabarani.

Hiyo ndiyo sababu shamba lake halina hata jani katikati ya mashamba ya kijani. Ni mimi, Sarah. Na sijutii. Nilitaka alione kila asubuhi afunguapo mlango, na kila apitaye alione.

Lakini Masha alinieleza na la pili, nami sijapata usingizi. Kalama anasema shamba limerogwa. Anasema yuko kizee mwenye macho mekundu asiyemtakia mema, na amemwita mganga aje kumtaja. Hakutaja jina, ila kila mtu kijijini anajua ni macho ya nani mekundu. Na vizee wa kwetu wakitajwa uchawi, sote tunajua yanayofuata: mapanga usiku. Hayo macho ni mekundu kwa moshi! Ni moshi uliohifadhi mbegu iliyomlea yeye hadi akaota ndevu. Wanasema mkataa wengi ni mchawi. Basi mmoja tu ndiye aliyekataa ya wengi hapo, naye alichagua kwa mkono wake mwenyewe. Anayetafuta mchawi aje Miritini aniulize. Atakayemgusa Mama, ajue adhabu ya Kalama ilikuwa ya mahindi tu.

Watoto wake, Mama, wale kwako kila siku bila kuulizwa. Njaa yao si ya kulipizia.

Aliyekuletea barua hii ni Masha mwenyewe, na amekuja na kifurushi. Ni mbegu nzima, za darini, za kuwahi vuli. Usimpe mke wa Kalama, wala usimtume mtoto. Barua ikishasomwa, Kalama apige magoti mbele yako na mbele ya watu, azipokee kwa mikono miwili. Zina masizi mengi, nimeyaacha makusudi. Akishapokea, asifute mikono mpaka afike kwake.

Nisalimie wote walioko hapo wakisikiliza, wenye kunitakia heri na wenye kununa. Mungu akulinde, Mama, hadi nije mwenyewe wakati wa kuvunja mahindi.

Ni mimi mwanao,
Sarah
Mkulima wa masizi