Koti la Baba Sekela Limepiga Chafya

Ida, usimwache shemeji Nicholaus amguse paka wenu. Nisikilize kwanza.

Si unajua vitoto vya paka wetu vina mafua. Bwana mifugo alisema ni virusi, tuvifute macho kwa maji ya vuguvugu, tuvipe joto, tusivichanganye na paka wengine. Baba Sekela, ambaye Sekela akikohoa usiku anageukia ukutani, hilo la joto kalishika kama amri ya Kanisa.

Leo kavitia ndani ya koti lake la Misa, kaenda navyo jumuiya.

Katikati ya sala, tena yeye ndiye anaongoza, koti likapiga chafya. Watu wakafumbua macho. Likapiga tena.

Mama Tobias akamwambia, "Mwenyekiti, koti lako limepigwa na baridi."

Unadhani alitahayari? Alifungua vifungo, akavitoa, akaeleza virusi kama daktari. Kisha akavipitisha mkono kwa mkono, kila mtu avipe joto kidogo. Wote wale wana paka wa kulinda mahindi, Ida. Wote.

Na aliyevipakata mwisho, mpaka kimoja kikamlalia kifuani, ni shemeji. Yuko njiani anakuja, amefurahi sana. Mpokee mlangoni na sabuni.