Kwa Papa Célestin, Aliyefundisha Ukunga kwa Telefoni

Leo mwaka unatimia, Papa Célestin, tangu pumzi yako ilipokatika hapa nyumbani Kalemie. Mimi Aimée, kitinda mimba wako, ndiye niliyepewa kalamu, kwa sababu nina habari ya kukupa.

Ulikuwa mtu wa sauti ndogo na hatua kubwa. Shati lako lilipigwa pasi hata kwa safari ya sokoni. Kila mtu mtaani ulimwita "mwanangu", hata wazee waliokuzidi miaka, nao hawakuchukia. Miaka ishirini na minane ulifundisha ukunga, na mwanafunzi aliyekuja nyumbani kuuliza swali hakuondoka bila kula.

Halafu korona ikaja, shule zikafungwa, ukaambiwa ufundishe kwa telefoni. Wewe, ambaye hata kupokea simu ulimwita Mama akusaidie! Ulirekodi masomo kwenye WhatsApp. Katikati uliuliza, "Mumeelewa?" kisha ukanyamaza kungoja jibu, na ukimya wote ukarekodiwa. Tulicheka mpaka machozi. Wewe ulikasirika kweli: "Batoto gani haba, habajibu mwalimu!"

Siku ya somo la damu baada ya kuzaa, ulibeba bukari, ugali wetu wa mchana, ukaifunika kitambaa. Uliwaambia wanafunzi wafanye vilevile makwao: bukari ya moto imelegea, ikipoa inakaza, basi wakande na kubonyeza mpaka vidole vijue kizazi kilicholegea, kinachovuja damu, na kilichokaza. Mama Blandine alinuna. Tulikula bukari baridi yenye alama za vidole vyako.

Kicheko kiliisha shule zilipofunguliwa. Muda wa kurudia mazoezi ya mikono haukutosha. Wenzako waliwaita wale wanafunzi "promosio ya telefoni", yaani darasa la telefoni, na neno hilo likakuuma. Hata kitandani, ukiumwa, uliniambia: "Aimée, niliwapatia sauti, mikono sikuwapatia. Mama mumoja akikufa mbele yao, ni mimi nimemuua." Tulikubembeleza, hukutulia. Uliondoka na wasiwasi huo, na hilo limetuuma kuliko yote.

Sasa sikiliza, Papa. Mwezi wa tatu nilijifungua kule Bendera, mume wangu Landry anakofanya kazi. Mtoto alitoka salama, lakini damu ikakataa kusimama. Nilianza kuona giza. Mkunga kijana, Daniella, aliweka mkono tumboni mwangu, akakanda, akakanda, huku akiniita jina na kuagiza sindano. Damu ikasimama.

Kesho yake nilimuuliza alisomea wapi. Akainamisha kichwa kwa haya: "Mimi niko wa ile promosio ya telefoni, mama. Ya Papa Célestin." Nililia mpaka akadhani damu imerudi.

Hukujua, nasi hatukujua. Papa, mikono uliwapa.

Tunaokukumbuka: mke wako Mama Blandine, watoto wako Wilfried, Mireille, nami Aimée niliye hai, mkwe wako Landry, na mjukuu wako Evodie, ambaye hukumwona.

Siku zote utakuwa mioyoni mwetu. Usihangaike tena.