Siku Niliyokuambia Picha Yako ni Poa

Kibet mdogo wangu, wewe uliyekuwa hushindwi na maneno,

Jana kuna mtu ameandika chini ya ule muziki wangu mpya, ule wa mvua. Neno moja tu la Kiingereza, lile ambalo sisi tungesema "poa". Nikasonya. Nikageuza shingo nikuonyeshe, mdomo tayari nimeufungua, ndipo nikakumbuka kwamba kwenye kiti chako siku hizi tunaweka nguo za kukunja. Niliongea na sweta ya Mama, Kibet. Aki upweke unaweza kumwaibisha mtu hata akiwa peke yake.

Watu wanauchukua, hilo naliona. Wanauweka kwenye gemu zao ndogondogo za simu wanazotengeneza huko kwao, mmoja mmoja, bila pesa ya kumlipa mchoraji wala mpiga kinanda. Si ndiyo sababu tulianza kuweka vitu vyetu mtandaoni bure, wewe picha, mimi muziki? Mama hakuwahi kuelewa. "Bure? Hata ng'ombe anataka nyasi kwanza!" Ukamwambia malipo yetu ni maoni, watu watuonyeshe kasoro ndio tujifunze. Akasema haya, mtashiba maoni. Na hata hayo maoni hayakuja. Walichukua wakanyamaza, au wakasema poa wakaenda zao. Ikabaki wewe kunichambua mimi, na mimi kukuchambua wewe.

Unakumbuka tulikojifunza kuchambuana? Ni pale kituo cha kuuzia majani ya chai, hapa karibu na Silibwet, wakati wa likizo. Karani alimwaga majani ya Mama mezani mbele ya foleni nzima, akaokota jani moja gumu, akaliinua juu. "Mama Chela, na hili ni la kunywa ama la kuezeka nyumba?" Watu wakacheka. Njiani mimi nilikuwa nimefura, nikasema huyo karani hana adabu. Mama akanikata. "Wacha. Aliyenitolea jani gumu amenisaidia. Yule wa kusema sawa, sawa, bila kuangalia, huyo ndiye atafanya kiwanda kinirudishie gunia lote."

Nilikupigia wimbo wangu wa kwanza siku hiyohiyo, kabla chai haijachemka. Ulisikiliza umefumba macho kama mzee wa kanisa. Halafu ukasema, "Chela, toa jani. Hiyo ngoma yako inakimbia kama mtu ameiba kuku." Nilikununia siku mbili. Ya tatu nikaipunguza mwendo, na ukweli lazima usemwe, wimbo ukapata pumzi.

Basi ikawa sheria. Hakuna kitu kinatoka nyumba hii kabla mwenzako hajatoa jani gumu. Anayelitoa asirekebishe yeye. Kazi inarudi kwa mwenyewe, kama vile karani hawezi kwenda kukuchumia chai shambani. Na neno poa tukalipiga marufuku kabisa. Atakayelisema atasugua kibuyu cha kugandishia maziwa lala, kile kikubwa, mpaka ndani, harufu yote itoke. Tulikuwa tunaiogopa kazi hiyo kuliko mtihani.

Siku moja nilikuambia ng'ombe uliyemchora ana magoti ya binadamu. Ulichukua simu ukaenda kuchuchumaa zizini, mpaka Mama akauliza umeangusha nini. Uliporudi ng'ombe wa kwenye picha alikuwa amelala vizuri, miguu imekunjwa chini ya tumbo, na yote hiyo ni vidoti vichache tu, mtu angeweza kuvihesabu. Nilitafuta jani gumu nikakosa, nikakuambia mkia ni mfupi, ili tu nisisugue kibuyu. Ulijua. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Hata watu usiowajua ulikuwa unawachambulia. Unakaa hapo na bando yako ndogo, unaandikia mtu wa mbali kwamba mti wake hauna kivuli, lakini majani yake yamemtoka vizuri. Nilikuwa nakuuliza inakuhusu nini. Ukasema, "Chela, mtu ameweka kitu chake mezani na hakuna hata mmoja amekiangalia. We huoni hiyo ni mbaya?" Wakati huo sikuona.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ulipolazwa hospitali ya Longisa ulikuwa unachora kwa kidole, simu imeegemezwa kwenye mto. Jumanne moja nilikuwa jikoni nikikuchemshia maziwa. Ukanitumia picha uliyomchorea rafiki yako mmoja wa mtandaoni kwa gemu yake, ile ya msichana anayerudi nyumbani kutoka shambani. Kumbe ulichora kwetu. Mistari ya chai, njia katikati, mlango wetu wa buluu. Chini ukaandika neno moja: "Chambua."

Kasoro niliiona papo hapo, Kibet. Hata mtoto angeiona. Lakini nilikuwa nimekuona jana yake, mikono yako ilivyokuwa. Nikajiambia, nani atamtolea mgonjwa jani gumu? Nikaandika: "Poa sana. Usibadilishe kitu."

Halafu ukajibu, "Kumbe nimezidiwa hivyo."

Nilipofika na maziwa ulitabasamu, ukasema, "Kibuyu kinakungoja." Ukaanza kuuliza habari za ndama. Picha hukuitaja tena, na Ijumaa ulikuwa umeenda.

Watu waliokuja matangani walisema nilikutunza vizuri. Si kweli, na ninaungua nikisema. Daktari alikuficha hali yako, Mama alikuficha, mchungaji alikuombea kwa maneno matamu. Ulikuwa umebakisha mtu mmoja wa kukuambia ukweli, ukamtumia picha ujue kama bado anakuhesabu kati ya wazima. Nikakuambia poa. Nilikuacha peke yako kwenye kitanda kile kabla hata hujafa, na nilidhani ni upendo.

Tangu hapo mimi pia sichambuliwi. Naweka wimbo, wananyamaza. Naweka mwingine, poa. Majuzi mtu wa mbali ameuliza pale kwenye ukurasa wetu, "Yule aliyeniambia kuhusu kivuli yuko wapi? Nimechora mti mwingine." Nimeuangalia huo mti wiki nzima. Leo nimemwandikia kwamba umekufa. Kisha nikamwambia shina la mti wake ni jembamba, litavunjika na upepo. Amejibu kwamba amelia, na kwamba analirekebisha.

Picha yako bado iko kwenye simu yangu. Rafiki yako aliiomba, nikakataa kumpa. Ningeweza kuimalizia mwenyewe kwa vidoti vinne tu, lakini sheria ni sheria, kazi inarudi kwa mwenyewe.

Asubuhi nimetoa kile kibuyu kikubwa nikakisugua mpaka ndani. Mama alisimama mlangoni akauliza nimepatwa na nini, wakati maziwa lala wewe ndiye ulikuwa unayamaliza. Nikamwambia ni faini ya zamani, nilichelewa tu kuilipa. Akakaa chini akanishikia kifuniko.

Kwa hivyo sikiliza sasa, nimeshasugua. Mlango umeuchora vizuri, buluu ndiyo hiyohiyo. Chai imekaa mistari. Lakini toa jani, Kibet: njia yako haifiki mlangoni. Imekatika kwenye chai, hatua nne kabla. Yule msichana atatembea, atatembea, ataona nyumba yao, na hataweza kuingia.

Rekebisha, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, mwenye mikono inayonuka kibuyu,
Chela