Stelingi Hafi

Jumatatu, 3 Juni
Nimekung'uta ufuta wa mama mpaka mgongo ukakataa. Kisha nikajilaza na kupanga filamu kichwani, ugonjwa wangu wa siku zote. Ya kwanza, ile ya mapacha majambazi. Ya pili, ile ya polisi kiziwi: muziki mbovu, ngumi safi. Ya mwisho kabisa, ile ya Kihindi ya mgodini. Machozi mwanzo mwisho, halafu mgodi unaporomoka na stelingi, yule kijana shujaa wa filamu, anakufa. Stelingi hafi. Hata watoto wanalijua hilo.

Kwa mama, hiyo ya mgodini ndiyo ya kwanza. Tumebishana kwa simu miaka yote, mimi Rutamba kwa mume wangu, yeye hapa Njinjo. Mama haoni. Kaka yangu Athumani ndiye aliyekuwa anakaa naye na simu, anamsimulia filamu nzima. Nikimuuliza Athumani nani kati yetu yuko sahihi, alikuwa anacheka tu.

Sasa tumemzika, mwezi umeshapita. Ajali ya pikipiki.

Jumatano, 5 Juni
Mama hali chakula. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, basi. Namkasirikia Athumani kama vile alipenda mwenyewe kufa. Ufuta wake bado uko shambani. Sitaki kwenda kuutazama.

Ijumaa, 7 Juni
Jana tumesoma arobaini ya Athumani. Leo mama kaomba kitu, mara ya kwanza tangu msiba. Anataka ile ya mgodini. Anapenda sana, kasema, pale kijana anapotoka shimoni na kupanda basi kwenda kwenye kazi mpya.

Hakuna basi. Kijana anafia mle ndani, na mama yake anasimama nje na chakula alichompikia.

Mwongo mkubwa, Athumani. Miaka yote hiyo. Nimekwenda jikoni nikalia mpaka moto ukazimika.

Nikimwambia mama kweli, nitakuwa nimemuua Athumani tena. Nikidanganya, sijui kudanganya. Yeye alikuwa fundi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimesema simu haina chaji. Naogopa.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya alasiri nikamkalisha mama mkekani, nikawasha filamu kwenye simu, nikaanza kusimulia. Nyimbo zake nzuri, kusema haki. Nilizionea.

Mgodi ukaporomoka. Wanawake wakaanza kulia kwenye simu, kilio cha msiba hasa, na mama macho hana lakini masikio anayo. Akanipapasa mpaka akapata mkono wangu.

"Sema, mwanangu. Athumani hapo alikuwa ananiambia keshatoka."

Nikasema katoka, kwa mlango wa nyuma. Kapanda basi. Mama akataka kujua kama kapata kiti. Nikasema kapata, cha dirishani. Vilio vinaendelea, wala hakuuliza wanamlilia nani. Mkono wangu hakuuachia.

Mwisho akauliza kama kafika salama. Nikasema kafika.